Fremu za Vedasto na Msumari wa Katikati

Mafundi vioo Karatu mjini wapo kadhaa, lakini anayejulikana mpaka Oldeani na Mang'ola ni mmoja, Vedasto Amsi, mume wa dada yangu Bernadina. Nalitaja hilo la dada mapema ili msomaji ajue kwamba sifa nyingi za Vedasto zina mkono wangu. Siku wazee wa kwao walipokuja kwetu Daa kuposa, ni mimi Inosenti niliyemkagua kijana kuanzia viatu mpaka kucha, nikasema huyu ana mikono ya kazi, mpeni. Vedasto akisikia hivyo hucheka na kusema siku ile mimi nilikuwa nimelala nyuma ya ghala la mahindi. Mwanamume akishapewa mke, kumbukumbu yake huharibika.

Namwandika mimi kwa sababu watoto wake, ambao ni wapwa zangu, wamesoma mpaka vyuo na bado hawawezi kuandika ukurasa mmoja juu ya baba yao bila kuuwekea vichwa vya habari. Mimi niliishia darasa la saba, nalo nililisoma mara mbili ili niwe na uhakika nalo. Basi wakae pembeni, mjomba afanye kazi.

Karakana ya Vedasto iko mbele, nyumba iko nyuma. Pale mbele utamkuta ameinama juu ya meza yenye blanketi, ana kijikalamu chake chenye jino la almasi, anachora mstari juu ya kioo. Mstari huo huwa mmoja, wa pumzi moja, kutoka ukingo huu mpaka ule. Mkato wa kioo hausimamishwi njiani. Ukisimama katikati, kioo kitapasuka kinapotaka chenyewe. Nimewahi kuingia pale nikimpa habari ya msiba, akanyoosha mkono wa kushoto kuninyamazisha, akamaliza mstari wake, ndipo akauliza nani amefariki.

Ukipita nyuma sebuleni ndipo utashangaa, maana ukuta huuoni. Umefunikwa na fremu. Picha yao ya harusi ilishahamishiwa koridoni, jirani na ndoo za maji, na dada yangu amenyamaza. Fremu zenyewe ni zile tuzo walizokuwa wakipewa waimbaji wa zamani kaseti au santuri yao ikiuzwa sana. Kampuni ilichukua kaseti moja, ikaipaka dhahabu, ikailaza juu ya mahameli chini ya kioo, ikaweka pembeni kava yenye picha ya waimbaji, na chini kabisa ikapigilia kibati cha shaba kilichochongwa jina lao na kaseti ngapi zimeuzwa. Mwenye bendi anaitundika fremu yake, anaringa nayo. Kisha bendi inavunjika, mwenyewe anazeeka, watoto wanahama, na dhahabu inaishia stoo pamoja na panya.

Hapo ndipo Vedasto anapoingia. Kazi yake inampitisha kwenye nyumba za watu na hoteli za watalii, akipima madirisha, na macho yake hayakai kwenye madirisha. Mtu anamletea fremu iliyopasuka kioo, anauliza kutengeneza ni kiasi gani, akitajiwa anasema, "Aa, basi kaa nayo." Vedasto anakaa nayo. Amefuata nyingine Mbulu, Babati, mpaka Moshi, kwa sababu tu dereva mmoja amesema ameona kitu kinang'aa kwenye baa iliyofungwa.

Jinsi ya kujua ya kweli na ya bandia ninaijua vizuri, maana nimemfundisha. Haya, tuseme tulijifunza pamoja. Ya kweli ukiinua kaseti, mahameli chini yake ni mekundu kama siku ya kwanza, na pembeni yamechujuka. Skrubu zake zina kutu ya miaka. Kijana mmoja wa Arusha alimuuzia Vedasto fremu ya bendi moja kubwa, shemeji akaja nayo kaipakata kama mtoto mchanga. Mimi nikaigusa tu kaseti, dhahabu ikabaki kwenye kidole. Ilikuwa rangi ya magari.

"Inaonekana wimbo huu haujakauka, shemeji," nikamwambia.

Hakunisemesha mpaka Jumatano. Lakini fremu ile hakuitupa, iko koridoni na picha ya harusi.

Ipo pia sahani ya dhahabu, santuri nzima, aliyoipata Oldeani kwenye nyumba ya zamani ya shamba la kahawa ilipokuwa inabomolewa. Imeandikwa jina la bendi ya dansi ya Ulaya. Nilimshawishi tuipige kwenye gramafoni ya mzee mmoja wa kule tuone kama dhahabu inaimba. Ikaimba. Badala ya dansi kikatoka kinanda cha kanisani, kizito, kama cha maziko. Kumbe wale wazungu walikuwa wanachukua sahani yoyote iliyo karibu na kuichovya, nani ataipiga? Tulicheka mpaka mzee akatufukuza akidhani tunamcheka yeye.

Watalii husimama pale kupiga picha, na Vedasto huwaambia kwa Kiingereza chake cha vioo kwamba anapenda muziki. Ni kweli lakini si kweli yote. Mimi nimemwangalia miaka mingi. Akiletewa fremu, kabla ya kusalimia, dole gumba lake linafuta vumbi kwenye kibati, anasoma jina. Akishasoma, mabega yanashuka kidogo, ndipo anasema, "Karibu, karibu." Na katikati ya ukuta wake wote uliojaa, kuna msumari mmoja ambao hajawahi kuutundikia kitu.

Msumari huo una habari yake.

Ule mwaka wa ukame, kabla ya mvua za Elinino, dada yangu alikuwa amemaliza mwaka mmoja tu wa ndoa, anakaa Qurus kwa wakwe. Kabla ya hapo kwaya ya kigango chao, Sauti ya Mlimani, ilikuwa imetoa kaseti, na kaseti ikauzwa kupita walivyoota, mpaka kampuni moja ya Arusha ikawapa fremu ya dhahabu. Kwenye picha ya kava, aliyesimama mbele kabisa mwenye kola nyeupe ni Bernadina. Sauti yake siku hizo ilikuwa ikitoka kanisani ikifika barabarani, na ninyi mnaojisifu kwa spika za umeme mngeona aibu.

Sasa fremu ni moja, waimbaji ni wengi. Wakakubaliana itembee nyumba kwa nyumba, kama sanamu ya Mama Maria inavyotembezwa kwenye jumuiya, ikae kwa huyu mwezi, kisha kwa yule. Zamu ya Bernadina ilipofika, aliitundika sebuleni kwa mkwe wake, Mzee Amsi. Mwezi haujaisha, uchungu ukakaribia, akaja kwetu Daa kujifungulia kwa mama. Vedasto alikuwa Arusha akijifunza ufundi wa vioo. Nyumbani akabaki mzee.

Mzee Amsi akaugua ghafla, akafariki. Bernadina akarudi Qurus na kichanga mgongoni, nyumba imejaa waombolezaji. Alipoinua macho ukutani akaona msumari hauna kitu.

Ilitafutwa fremu ile mpaka kwenye mizinga ya nyuki. Watu wakasema imebebwa na mwizi wa matangani. Lilian, aliyekuwa kiongozi wa kwaya na ndiye mpaka leo, mwanamke mwenye ulimi usiojua kuzunguka, alimwambia mbele ya wenzake, "Mali ya watu wote unaiachaje ukutani, unaondoka?" Dada hakufukuzwa kwenye kwaya, hapana. Alijiondoa mwenyewe. Akahamia benchi la nyuma, na miaka yote hii nimemwona akifungua mdomo wakati wa nyimbo bila kutoa kitu. Hata nyumbani akaacha kuimba, hata akiosha vyombo. Vedasto alikuwa ameoa mwanamke anayeimba, akajikuta anaishi na anayenyamaza. Akang'oa msumari ule kwa baba yake, akahamia nao mjini, akaupigilia katikati ya ukuta wake. Kisha akaanza kutafuta. Hizo nyingine zote zinazopigwa picha na watalii zilikuja tu njiani.

Tuje sasa mwaka jana, baada ya masika. Vedasto alipata kazi ya kutia vioo madirisha ya shule moja kule juu, upande wa Endulen, akanichukua niwe msaidizi. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya pikapu katikati ya magodoro na kuvikumbatia vioo. Tulipita geti la hifadhi, tukapanda kwenye ukungu wa ukingo wa kreta, tukashuka upande wa pili kwenye mawe, na mimi nimevikumbatia vioo kuliko nilivyowahi kumkumbatia mke. Havikuvunjika. Vedasto alisema ni kwa sababu alivifunga vizuri. Msimsikilize.

Mchana kutwa mzee mmoja wa Kimasai alikuwa amesimama akitazama mikato. Jina lake Tobiko. Mwisho akasogea.

"Wewe unaongea na kioo?" akamuuliza Vedasto.

"Hapana, mzee. Ninakichora tu."

"Mbona kinakutii? Kwangu kipo kimoja kimepasuka. Njoo unywe chai, ukitazame."

Tukaenda bomani kwake. Kwa kuwa mimi najua Kimasai kidogo, nilitangulia kuonyesha. Vijana wakanisalimia, nami nikajibu kwa sauti, "Iko!" Boma zima likacheka mpaka mbuzi wakakimbia. Kumbe hicho ni kiitikio cha wanawake. Mke wa mzee, Nanyori, akanikaribisha upande wa akina mama nimsaidie kukamua, na mpaka leo akiniona ananiuliza ng'ombe wangu wanatoa kiasi gani.

Tukakaa kwenye nyumba ya bati aliyojengewa mzee na wanawe. Chai ya maziwa ikaja. Mzee akaonyesha ukutani kwa fimbo.

"Kioo chenyewe kile."

Vedasto aliinuka na kikombe mkononi, chai ikamwagikia kiatu, hakusikia. Kioo kilikuwa na ufa kutoka kona mpaka kona. Nyuma ya ufa palikuwa na kaseti ya dhahabu, na pembeni yake dada yangu Bernadina, kijana, kola nyeupe, mdomo wazi. Dole gumba la Vedasto likaenda kwenye kibati lenyewe. Sauti ya Mlimani, Qurus.

Nikafungua mdomo. "Mzee, hii fremu si ni ya..."

Vedasto akanikanyaga mguu. Akauliza polepole, "Mzee, kitu hiki kizuri. Ulikipata wapi?"

"Nilipewa na rafiki yangu Amsi wa Qurus."

"Amsi ni baba yangu."

Mzee Tobiko akasimama. Vedasto ana mvi, ana wajukuu, lakini aliinamisha kichwa kama kijana na mzee akakigusa kwa kiganja. "Mtoto wa Pakaseti!" akamwita mkewe. "Nanyori! Mtoto wa Pakaseti yuko hapa!"

Akatueleza. Kwao mtu akikupa mnyama, mnaacha kuitana majina yenu. Akikupa kondoo, wewe unamwita Pakerr naye anakuita Pakerr, mpaka kufa, ili kila mkiitana mkumbuke mlichopeana. Sasa rafiki yake Amsi hakumpa mnyama, alimpa kaseti. Wakacheka wakajitungia, Pakaseti.

"Mwaka ule wa jua," akasema, "baba yako alileta ng'ombe wake huku. Kwenu hakuna jani. Nikawaweka na wangu. Mvua ilipokuja nikawarudisha kwa miguu, wote, na ndama wawili juu yake. Akasema nichukue ndama mmoja. Nikamwambia siwezi, nyumba yako ina mtoto anakuja. Akasema mtu haondoki kwake mikono mitupu. Akatazama ukutani, akashusha hiki. Akaniambia, huyu wa mbele ni mke wa mwanangu. Anaimba. Nyumba hii haijawahi kuwa na mtu anaimba hivi. Ng'ombe uliowarudisha watamnywesha maziwa yeye na mtoto. Mchukue ukamsikilize."

Mzee akanywa chai. "Nilisikia mnadani kwamba amefariki, miezi imepita. Sikuwa na mtu wa kumpa pole. Leo nakupa wewe."

Naomba msomaji aelewe hapo. Mzee Amsi hakuwa mtu wa kanisa, alikufa na dini ya babu zake. Habari ya vitu vinavyozungushwa nyumba kwa nyumba hakuijua. Kwake yeye kilicho ukutani kwa mwenye nyumba ni cha mwenye nyumba, na alitoa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Kisha akaugua kabla mtu hajarudi wa kumwambia.

Vedasto akaishusha fremu, akaitoa nje juu ya godoro, akafungua mgongo wake. Nikachuchumaa karibu, nikanong'ona.

"Shemeji, kazi nyeti hii. Mwambie lazima tukaifanyie mjini."

"Kipande kimebaki. Kinatosha."

"Kipande hicho kina doa."

"Hakina doa, Inosenti."

"Sasa kama gari likiondoka nayo kwa bahati mbaya..."

"Nishikie hapo kwenye kona, tafadhali."

Akakata kioo kipya kwa mstari mmoja, akafuta dhahabu kwa pindo la shati lake, akafuta uso wa mkewe, akafunga. Kisha, mbele ya macho yangu haya, akaingia ndani na kuitundika pale pale ilipokuwa. Kitu alichokitafuta tangu ujana! Akashukuru kwa chai, tukaondoka.

Safari hii nilikaa mbele, maana vioo vilikuwa vimekwisha na nilikuwa na ya kusema.

"Wewe umerogwa na nani?"

"Ulitaka nimwambie nini?" akasema. "Kwamba baba yangu alimpa mali ya watu? Mzee wa watu ameitunza, anamtaja baba kila siku ya Mungu kwa jina la ile zawadi. Nimnyang'anye kaseti, nimnyang'anye na rafiki?"

"Na dada yangu?"

Akatazama barabara mpaka getini. Pale akasema, "Hilo ndilo sijui."

Bernadina tulimkuta uani anachambua maharage. Vedasto alimweleza yote, hakupunguza. Nilidhani dada atalia, au atamrushia ungo, ambao ndio ningerusha mimi. Aliendelea kuchambua. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Baba alisema ninaimba?"

"Alisema nyumba haijawahi kuwa na mtu anaimba hivyo."

"Baba Amsi? Mimi nikianza kuimba jikoni alikuwa anatoka nje. Nilidhani namkera."

"Nje alikuwa anakaa wapi?" nikauliza.

Akafikiri. "Pale dirishani."

Akamwaga maharage mabovu, akainuka. "Nitakwenda kwa huyo mzee."

"Kuidai?" Vedasto akauliza.

"Kushukuru. Yale maziwa niliyanywa mimi."

Tukaenda tena, safari hii na maharage, sukari, majani ya chai na shuka jipya. Mimi nilikwenda kwa sababu safari za familia hii bila mimi hazina mpango. Mzee Tobiko alimsalimia dada, "Takwenya," dada akajibu, "Iko," na Nanyori akanitazama kuona kama nimejifunza. Mzee akamtazama Bernadina, akatazama ukutani, akamtazama tena.

"Wa kwenye kioo ni mwembamba," akasema.

"Ni maziwa yako, baba," dada akajibu.

Walicheka kama watu waliojuana zamani. Bernadina akatoa vitu vyake, akashukuru kwa ng'ombe, kwa ndama, kwa mtoto aliyekua kwa maziwa yale na sasa ni mwalimu. Mzee akapokea. Halafu akasema, "Lakini kaseti ile haikuimba. Niliitoa, nikaitia kwenye redio. Redio yenyewe ikanyamaza, mpaka leo inakwaruza. Pakaseti alisema nikusikilize. Mimi bado nasubiri."

Dada akainamisha macho. Vedasto akatoka kwenda kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Nanyori akasogeza kigoda, akakaa karibu na mgeni wake, akasubiri kama anayesubiri maziwa yachemke.

Bernadina alianza chini sana, kama anayejaribu kama daraja litambeba. Ulikuwa wimbo wa mvua, wa kwenye kaseti ile ile. Mstari wa pili sauti ikakwama, akakohoa, nikasema moyoni imekufa, imekaa bila kazi miaka mingi mno. Akaanza upya. Ndipo ikafunguka. Haikuwa ile ya ujana. Ilikuwa na mchanga ndani yake, nzito zaidi, lakini ilikuwa yake, na ilitoka mlangoni ikaenda. Watoto wakaacha ndama wakaja kusimama mlangoni. Mimi, ambaye sijawahi kulia hata siku mke wangu alipochukua pikipiki yangu, nilipata tatizo la moshi, na jiko lilikuwa halijawashwa.

Alipomaliza mzee akasema, "Kwenu wana bahati. Wanaisikia hii kila Jumapili."

"Siimbi tena, baba."

"Kwa nini?"

Dada akamtazama mumewe. Vedasto, aliyerudi na kusimama mlangoni, akatazama kiatu chake. Basi nikasema mimi. Nilisema yote, kwaya, zamu, matanga, benchi la nyuma, msumari. Vedasto alinitazama kama kioo kinachotaka kupasuka, lakini miguu yangu safari hii nilikuwa nimeikunja chini ya kigoda.

Mzee Tobiko na Nanyori waliongea Kimasai kwa muda mrefu. Kisha mzee akainuka.

"Kitu nilichopewa na Pakaseti sikirudishi," akasema. "Kukirudisha ni kumtukana, naye amelala, hawezi kujibu. Lakini alinipa vitu viwili, kioo na sauti. Kioo nilikichukua siku ile. Sauti nimeipata leo. Sasa zawadi imetimia, ni yangu yote. Na cha kwangu nampa ninayemtaka."

Akaishusha fremu, akampa Bernadina kwa mikono miwili. "Usiniite tena baba. Mimi ni Pakaseti, na wewe ni Pakaseti."

Dada akaipokea, akaikumbatia, kisha akafanya kitu kilichonionyesha kwamba kweli tumezaliwa tumbo moja. Akamrudishia mikononi.

"Asante, Pakaseti. Nimepokea. Sasa njoo nayo Jumapili uilete mwenyewe. Nikiibeba mimi, watasema ilikuwa chini ya kitanda changu miaka yote."

Jumapili ile baada ya misa, pale nje Qurus, mzee alisimama na shuka lake jipya, fremu mkononi, akaeleza yote tangu ukame. Wazee waliomfahamu Amsi walitikisa vichwa wakicheka, maana walimsikia kabisa marehemu kwenye maneno yale. Lilian alisikiliza mpaka mwisho. Mzee alipomaliza, akamwendea Bernadina mbele ya watu, kwa sababu na yale mengine aliyasema mbele ya watu.

"Nilikusema vibaya," akamwambia. "Sauti ya kwanza, upande wa kulia. Mahali pako pana mtu, lakini atasogea."

"Nimeshazeeka, Lilian."

"Kwani mimi ni kinda? Alhamisi mazoezi. Usichelewe."

Wakaanza kubishana papo hapo zamu ni ya nani. Wengine wakasema ya Bernadina haikuisha, amalizie siku zake. Ikakubaliwa. Baada yake? Mmoja akasema majina ya wanakwaya yafuate kama zamani. Lilian akasema baada yake ni Mzee Tobiko.

"Huyo si mwanakwaya," mtu akanung'unika.

"Ameitunza kuliko ambavyo sisi tungeitunza," Lilian akasema. "Kwako wewe ingekaa hata mwezi bila kupasuka?"

Basi mpaka sasa inatembea hivyo. Zamu ya Mzee Tobiko ikiisha, kwaya inapanda gari kwenda kuichukua, na haiwezi kuondoka kule bila kuimba. Nanyori amesema mwenye redio mbovu anastahili hivyo.

Wapwa zangu waliniuliza kama baba yao hakuumia, mtu ametafuta kitu maisha yake yote na kimepatikana si chake. Nikawaambia waende wakamuulize. Walimuuliza, akawaonyesha msumari wa katikati. Ulikuwa mtupu, umefutwa vumbi. Watalii wakiuliza anawaambia kwamba fremu ya hapo ipo, ila imetoka kidogo.

Mimi namshukuru. Namshukuru kwa kuitundika tena siku ile bomani, ingawa nilimuuliza amerogwa na nani, na namshukuru Mzee Amsi kwa kutoa kisicho chake kwa moyo mweupe vile, na Mzee Tobiko kwa mengine yote. Sisemi hivi mara nyingi, kwa hiyo msizoee.

Mwezi huu fremu iko Endulen. Juzi nilikwenda karakana kufuata kioo cha dirisha langu, nikamkuta Vedasto ameinama mezani, almasi iko juu ya kioo, mstari umefika katikati. Mkono umesimama. Nyuma, uani, Bernadina alikuwa anaosha masufuria na anaimba. Nikataka kumwambia shemeji, utaharibu. Akanyoosha mkono wa kushoto kuninyamazisha, kama kawaida yake, ila safari hii hakumalizia mstari.

Kioo kilipasuka vipande viwili vibaya. Kilikuwa changu. Akanikatia kingine, baada ya wimbo.